Kipimo cha Asiye na Mwili

Kayomb, mpangaji wangu wa chumba cha nyuma,
anaye mmoja tangu mwaka wa kwanza wa chuo:
rafiki aliyemfuma kwa fikira tupu,
akakaa, akazoea, akaanza kubisha.
Nilimwuliza: inachukua siku ngapi?
Akacheka. «Mama Ngosa, ukiletewa kikwembe
huanzi kuhesabu siku.
Unauliza kwanza ni cha nani.»

Basi nikaanza na ninachokijua.
Katuba, usiku, koranti imekatika,
cherehani imevikwa shuka lake,
na mimi, mita ya kupimia shingoni,
nampima mtu ambaye hayupo.
Bega hadi bega: sentimita arobaini na tatu.
Mkono: sitini na moja.
Kiuno nikakiacha. Sikutaka kumpangia
njaa wala shibe kabla hajasema.

Sura je, ni lazima?
Wiki tatu ulikuwa na mikono tu,
mikono na kola,
na juu ya kola, giza lile la mlango wa jikoni.
Sikuogopa. Nguo zangu zote huanza bila kichwa.

Nikuulize wewe, basi, maana Kayomb amelala:
unanisikia nikikata vitunguu,
au mpaka nikae kimya, nifumbe macho?
Nikikusahau Jumapili nzima,
kanisani, matangani, kwenye foleni ya maji,
utafifia kama chaki juu ya kitambaa?
Na nikikuchoka?
Mtu hufumuliwaje?

Shemasi Mwansa atasema ni pepo.
Nimelifikiria hilo, sikulipuuza.
Pepo huja bila kuitwa, tena ana haraka,
anadai kuku, anadai kitambaa chekundu.
Wewe nimekuita siku arobaini na moja
na hujaomba hata maji.

Jambo moja nililikataa.
Usiku mmoja uso ulianza kuja wenyewe:
kidevu cha dada yangu Mwape,
na lile pengo la meno alilolifunika kwa kiganja akicheka.
Nikawasha mshumaa upesi, kiberiti kikaniunguza.
Hapana. Sikushoni kwa nguo ya marehemu.
Yeye ana mahali pake, na msalaba wake nimeulipia.
Wewe uwe mgeni kabisa, au usiwe.

Halafu swali linalonichoma kuliko sindano:
sauti ikija, nitajuaje si yangu?
Nimezoea kujisemesha. Miaka ishirini
najibizana na nyuzi, na zipu, na madeni.
Kujidanganya najua,
kwa sauti ya kike na ya kiume.

Jana, kanzu za kwaya, kumi na mbili.
Mvua ya kwanza inapiga bati,
udongo mwekundu unatoa harufu yake.
Nilikuwa nakunja pindo la kanzu ya nane,
siwazi kitu, hata wewe sikuwazi,
na kitu fulani, si sikioni,
nyuma kidogo ya paji la uso,
kama mtu aliyesimama mlangoni asigonge,
kikasema:
Mkono wa kushoto.

Nikapima. Umepungua kidole kimoja.

Labda jicho langu lilikwisha kuona.
Labda vidole vilijua, vikakawia kuniambia.
Leo asubuhi nimemngojea Kayomb penye ndoo:
ni yeye, au ni mimi?
Akanawa uso, akatema maji ya mswaki.
«Ulimshukuru?»

Sikuwa nimeshukuru.
Nikarudi ndani, nikafumua mshono
polepole, uzi kwa uzi,
nikavuta stuli ya pili karibu na cherehani,
ile ya wateja,
nikaifuta vumbi.